Ndege za kivita za mtumba: jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kusaini

Aprili 2024 Argentina ilisaini kununua ndege za kivita 24 za Kimarekani aina ya F-16, zilizotumika na Denmark, kwa takriban dola milioni 301. Oktoba mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaidhinisha kuiuzia Argentina silaha, vipuri, mafunzo na huduma za ndege hizohizo, kwa kiwango kisichozidi dola milioni 941. Aliyesoma habari ya kwanza peke yake alipata ndege moja kwa dola milioni 12.5. Aliyesoma zote mbili alipata karibu dola milioni 52, na hapo mafuta ya safari ya kwanza bado hayajalipiwa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeletewa jalada la namna hiyo na kuambiwa atayarishe hesabu: mchumi wa wizara, mkaguzi, karani wa kamati ya Bunge, au mwandishi wa habari anayekesha Dodoma msimu wa bajeti. Hauzungumzii mpango wowote wa serikali yetu. Ni kweli Mji wa Serikali uko Mtumba na bidhaa yenyewe ni ya mtumba, lakini hiyo ni sadfa ya majina tu. Bei zinazotajwa pamoja na nchi ni za mikataba iliyotangazwa hadharani. Zile za mfano wa hesabu, zichukue kama mfano.

Unanunua saa

Kiunzi cha ndege ya kivita (mwili wake bila injini) hutengenezwa kistahimili idadi fulani ya saa za kuruka. F-16 ilisanifiwa kwa saa 8,000. Baadhi ya matoleo ya baadaye, yakiimarishwa kiwandani, yameruhusiwa kufika 12,000. MiG-29, ndege ya Kisovieti, ilipotoka kiwandani ilipewa saa 2,500 au miaka 20, kinachotangulia ndicho kinachohesabika, kisha mtengenezaji akaongeza kwa zile zilizofanyiwa kazi maalumu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "ni ya mwaka gani". Mnadani ng'ombe hufunuliwa mdomo akaangaliwa meno. Meno ya ndege ni saa zake.

Omba namba nne kwa kila ndege, kwa namba yake ya mkiani, siyo wastani wa kundi zima. Ya kwanza ni saa ilizokwisha kuruka. Ya pili ni saa zilizobaki kwa hesabu ya uchovu wa chuma. Ya tatu ni saa zilizobaki kabla ya ukaguzi mkubwa ujao. Ya nne ni idadi ya mara ilizotua. Namba ya pili ndiyo yenye maneno mengi, kwa sababu saa haziko sawa. Ndege iliyokuwa ikipiga doria bahari tulivu na ndege iliyokuwa ikifundishia mapigano ya angani zinaweza kuwa na saa 4,000 kila moja, lakini ya pili mabawa yake yamekunjwa mara nyingi zaidi kwa uzito wa mara saba au nane. Muuzaji makini ana kumbukumbu za vipimo hivyo. Asiye nazo, mhesabie saa zilizobaki kwa ubahili: punguza theluthi moja kabla ya kuanza kupigana bei.

Wastani wa kundi ni mtego wa kizamani. Ndege sita zenye saa 3,500 zilizobaki na sita zenye 500 zinakupa wastani mzuri wa 2,000, lakini baada ya miaka michache utakuwa na kikosi nusu.

Makaratasi kabla ya chuma

Kila kifaa chenye ukomo wa maisha (mguu wa kutulia, pampu ya haidroliki, diski za injini, kiti cha kujirusha) kina kadi yake inayoonyesha kilifungwa lini, kimefanya kazi saa ngapi na kilifunguliwa karakana gani. Kifaa kisicho na kadi kihesabu kuwa kimekwisha, hata kama kinang'aa. Hakuna fundi mwenye leseni atakayekisainia.

Udanganyifu wa kawaida hautokei siku ya ukaguzi, hutokea kati ya ukaguzi na makabidhiano. Muuzaji bado anarusha ndege zake nyingine, anahitaji vipuri, anavinyofoa kwenye zako na kufunga vilivyochoka. Dawa yake ni rahisi: siku ya ukaguzi andika namba za mfululizo za vifaa vyote vyenye kadi, orodha hiyo iwe kiambatisho cha mkataba, kisha uihakiki upya siku ya kupokea. Aliyewahi kuacha gari gereji ya mtu asiyemfahamu hahitaji maelezo zaidi.

Ukihitaji ndege 12, omba kukagua 16 na uchague mwenyewe. Tenga siku tatu kwa kila ndege na usipeleke marubani peke yao. Rubani huipenda ndege inayoruka vizuri leo, ilhali unamhitaji anayejua itakavyokuwa baada ya miaka kumi. Mafundi wa kiunzi waanzie kwenye maungio ya mabawa na fremu zinazoyabeba, mzizi wa bawa la mkia, na maungio ya miguu ya kutulia. Hapo ndipo nyufa huanzia, na nyingi hazionekani kwa macho. Zinahitaji vipimo vya mawimbi ya sauti na vya umeme vinavyosoma ndani ya chuma bila kukivunja. Waya za zamani zina tatizo lake: ganda hukakamaa, hupasuka, na hitilafu zake huja na kuondoka kiasi kwamba ndege hurudishwa hanga mara tano bila fundi kuona kosa. Kubadilisha waya za ndege nzima ni kazi ya miezi. Mlango wa kioo wa rubani uangaliwe dhidi ya jua, vipasuko vidogo vitajitokeza kama utando wa buibui.

Usisahau baruti za kiti cha kujirusha na za kutupa mlango. Zina tarehe ya mwisho ya matumizi kama dawa za hospitali, na ndege ambayo zake zimepita tarehe hairuki. Seti moja siyo ghali ukilinganisha na injini, lakini ni mzigo wa milipuko: kuiagiza, kuisafirisha na kuihifadhi kuna vibali vyake, na foleni kwa mtengenezaji inaweza kuzidi mwaka.

Injini ina kalenda yake

Injini haihesabiwi kwa saa tu, huhesabiwa kwa mizunguko: kupanda hadi nguvu kamili na kushuka. F100-PW-220, inayobeba F-16 nyingi za zamani, sehemu yake ya moto hufunguliwa karakana kuu kila mizunguko 4,000 hivi. Injini za mwanzo za Kisovieti zilikuwa na maisha mafupi zaidi kati ya ovahoo (kufunguliwa na kukarabatiwa yote) moja na nyingine, ndiyo maana ndege ya bei nafuu kutoka upande huo huja na bili ya injini isiyolala. Ndege ya injini mbili huzidisha bili hiyo mara mbili: kwa ndege 12 unahitaji injini 24 zilizofungwa na kama tano za akiba, wakati ya injini moja inahitaji 12 na tatu.

Kila injini ipitishiwe kamera ndogo ndani kuangalia visu vya tabo (mapanga madogo yanayozunguka ndani), na mafuta yake yapimwe maabara kuona chembe za chuma. Kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: karakana inayofungua injini hii iko nchi gani, ina foleni ya miezi mingapi, na inalipwa kwa sarafu ipi.

Ruhusa ya aliyeitengeneza

Muuzaji si mwenye neno la mwisho. Ndege ya Kimarekani haiuzwi kwa nchi ya tatu bila idhini ya Washington, na nchi nyingine nyingi zina masharti yanayofanana. Mwaka 2018 Croatia ilichagua F-16 12 za Israeli zilizofungwa vifaa vya Kiisraeli. Mapema 2019 mpango ukavunjika kwa sababu Marekani haikukubali zihamishwe zikiwa na vifaa hivyo. Croatia ikaanza upya, na mwaka 2021 ikasaini na Ufaransa ndege za Kifaransa aina ya Rafale 12 zilizotumika kwa euro milioni 999.

Kwa hiyo idhini ya maandishi ya nchi iliyotengeneza itangulie malipo yoyote, hata ya kishika uchumba. Soma pia cheti cha mtumiaji wa mwisho utakachotakiwa kusaini. Kinaweza kukuzuia kuuza ndege baadaye, kuzifunga kifaa cha nchi nyingine, au hata kumruhusu fundi wa taifa fulani kuingia hanga.

Uwanja: joto, mwinuko, vumbi

Hapa kanda ya kati ina somo lake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, hewa ya kawaida ya vitabu ingekuwa na nyuzi 8 hivi. Mchana wa Oktoba kipimajoto kikisoma nyuzi 32, zimezidi 24. Kila nyuzi iliyozidi huongeza takriban mita 37 kwenye mwinuko ambao bawa na injini huuhisi. Zidisha, ongeza kwenye 1,100, unapata karibu mita 2,000. Yaani mchana huo ndege inaruka kana kwamba iko mlimani: injini inasukuma kidogo, mbio za kupaa zinarefuka, breki zinabeba kasi kubwa zaidi wakati wa kutua. Muuzaji atakuletea jedwali la uwanja wa usawa wa bahari kwa nyuzi 15. Lirudishe, mwambie akuletee la mita 1,100 kwa nyuzi 35, ndege ikiwa na mafuta kamili na silaha. Njia ndefu ya kurukia kama ile ya uwanja wa Msalato, iliyosanifiwa kwa mita 3,600, huvumilia makosa mengi. Njia fupi zinakulazimisha kupunguza mafuta au silaha, na hapo unalipia uwezo usioutumia.

Kisha vumbi na kokoto. F-16 huvuta hewa kwa mdomo ulio chini ya tumbo, karibu kabisa na lami, na jiwe dogo linatosha kung'oa kisu cha injini. MiG-29 ina milango inayofunga midomo yake ikiwa ardhini na kuvuta hewa kwa juu, kwa sababu walioisanifu walijua viwanja vyao. Ukichagua ya kwanza, weka kwenye hesabu magari mawili ya kufagia, ukarabati wa mabega ya njia, na watu wa kutembea njia nzima wakiokota kila asubuhi. Si kazi ya heshima, lakini ni nafuu kuliko injini.

Vitu vingine vya kituo hutegemea aina ya ndege. F-16 ina mtambo wa dharura unaotumia kemikali ya haidrazini, asilimia 70 ikichanganywa na maji. Ni sumu kali. Inahitaji jengo lake lililotengwa, mavazi ya kujikinga na kikosi cha kushughulikia uvujaji. Mafuta ya kijeshi ya JP-8 ni Jet A-1 tunayoijua, ya ndege za abiria, ikiongezwa dawa za kuzuia barafu, kutu na umeme tuli, kwa hiyo unahitaji mtambo wa kuchanganya na mtu wa kupima sampuli. Kama unafikiria kujaza mafuta angani, angalia plagi kwanza: ndege za kujazia mafuta za Argentina, KC-130, hutoa mafuta kwa mpira wenye kikapu, wakati F-16 hupokea kwa boriti ngumu. Haziungani.

Watu

Utafiti wa taasisi ya RAND wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kumfikisha rubani wa Marekani kwenye sifa za msingi za F-16 kunagharimu dola milioni 5.6. Rubani ambaye tayari anarusha ndege za kasi hagharimu kiasi hicho kuhamishwa, lakini bado anahitaji miezi, simuleta, na lugha. Vitabu vyote vya matengenezo viko kwa lugha ya mtengenezaji. Fundi wa F-7, ndege ya Kichina ya muundo wa zamani, wa kituo cha Ngerengere ni fundi kweli, ila F-16 au Rafale ni kompyuta iliyovaa mabawa; mpe miaka miwili hadi mitatu kabla ya kumwachia asaini peke yake. Kwa muda huo utalipa mafundi wa mkataba kutoka nje, na mishahara yao pamoja na nyumba na ulinzi ni fungu ambalo huachwa nje ya hesabu karibu kila mara. Argentina ilifanya jambo la busara: ilichukua F-16 moja ya ziada isiyoruka, kwa ajili ya kufundishia mafundi.

Mfano wa hesabu

Tuseme ndege 12 za injini moja, kila moja ikiwa na saa 2,000 zilizobaki. Kwa dola milioni:

Ndege, 10 kila moja: 120
Ukarabati kabla ya kukabidhiwa, 4 kila moja: 48
Injini 3 za akiba: 15
Vipuri na zana za miaka mitatu: 45
Mafunzo na mafundi wa mkataba: 60
Uwanja, hanga, maghala ya silaha: 50
Silaha: 60
Kuzileta: 6
Jumla: 404
Tengeo la dharura, asilimia 15: 60.6
Jumla kuu: takriban 465

Ndege zenyewe ni robo tu ya fedha hizo. Kwa upande wa silaha usifikiri 60 ni nyingi, kombora moja la masafa ya kati la aina ya AIM-120 linakaribia dola milioni 1.

Sasa matumizi. Kila ndege ikiruka saa 140 kwa mwaka, kikosi kinaruka saa 1,680, na saa zote 24,000 zitadumu miaka 14 na ushee. Gharama ya saa moja ya kuruka iweke dola 15,000. Ukitafuta utaona takwimu za F-16 zilizo chini ya 10,000 na nyingine zilizopita 20,000. Zote zinaweza kuwa za kweli, tofauti ni kama zimehesabu mafuta na vipuri tu au pia mishahara, ovahoo na maboresho. Asiyekuambia kilichomo ndani ya namba yake hajakuambia kitu. Kwa 15,000, mwaka unakula dola milioni 25.2, na miaka 14 inakula 353. Ongeza 465, unapata 818. Gawanya kwa saa 23,520 zitakazorukwa: dola 34,800 kwa saa, ambazo kwa kiwango cha mfano cha shilingi 2,500 ni shilingi milioni 87.

Halafu anakuja dalali na ndege 12 za dola milioni 4 kila moja, zenye saa 700 zilizobaki. Mambo mengine yote yakibaki vilevile, mkataba unashuka hadi 382. Inaonekana umeokoa dola milioni 83. Lakini saa 8,400 zinaisha kwa miaka mitano. Ongeza matumizi ya miaka hiyo, 126, ugawanye: dola 60,500 kwa saa, zaidi ya shilingi milioni 151. Gharama hii ya kila saa ndiyo ya kuweka ukurasa wa kwanza wa jalada.

Gawanya pia zile saa 1,680 kwa marubani. Wakiwa 18, kila mmoja anapata saa 93 kwa mwaka, nusu tu ya saa 180 ambazo NATO huzichukua kama kipimo. Ama upunguze marubani, ama uongeze saa na ndege zichoke mapema. Hesabu haina mlango wa tatu.

Bei ya ndege inaweza hata kufika sifuri bila kuubadilisha mfano huu sana. Mwaka 2025 Romania ilichukua F-16 18 za Uholanzi kwa euro 1, na bado kodi ya ongezeko la thamani ikafika takriban euro milioni 21. Romania hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Kundi lake la kwanza, ndege 12 kutoka Ureno kwa mkataba wa 2013, lilifika euro milioni 628 pamoja na mafunzo na huduma: zaidi ya milioni 52 kwa ndege. Baadaye ilinunua 32 za Norway kwa milioni 388, kama 12 kwa ndege. Safari ya pili hanga, walimu na zana vilikuwepo tayari. Kwa hiyo anayekuonyesha bei ya kundi la pili la mwenzako kama bei ya kundi lako la kwanza, anakuuzia nyumba kwa bei ya rangi.

Bajeti na mkataba

Bajeti huidhinishwa kwa shilingi, kwa mwaka mmoja unaoanza Julai 1. Mkataba ni wa dola na wa miaka minne au mitano. Kwa dola milioni 465, shilingi ikitoka 2,500 hadi 2,700 kwa dola, umepoteza shilingi bilioni 93 bila kupata hata gurudumu. Kwenye makadirio, fungu la maendeleo libebe ununuzi, na matumizi ya kawaida yaonyeshwe kwa miaka yote ya maisha ya ndege, siyo mwaka wa kwanza ambao dhamana ya muuzaji bado inabeba mzigo.

Kinachoua vikosi vya anga ni mkataba wa matengenezo kukatika. Afrika Kusini ilinunua ndege za kivita 26 aina ya Gripen, mpya kabisa. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba karibu nusu ziko ghalani kwa kukosa fedha za kuzirusha, na kuanzia Septemba 2021 zote zilikaa chini kwa sababu hapakuwa na mkataba wa huduma. Kama ndege mpya zinafika huko, za mtumba zinafika mapema zaidi. Mkataba wa huduma usainiwe siku moja na wa ununuzi, uwe na bei ya kila mwaka, na upimwe kwa idadi ya ndege zinazoweza kuruka asubuhi. Kwa kikosi cha 12, dai nane.

Malipo yaende na ndege, si na tarehe. Asilimia 15 wakati wa kusaini inatosha, nayo ifunikwe na dhamana ya benki. Sehemu kubwa ilipwe kila ndege inapokabidhiwa baada ya safari mbili za majaribio, moja kwa muuzaji na moja kwenye uwanja wako, saa nane mchana na si alfajiri. Asilimia 10 ibaki hadi ndege ya mwisho itimize miezi 12 ikiruka na ile orodha ya namba za mfululizo iwe imehakikiwa mara ya pili.